Mbwa wa jirani anateseka: kabla hujaenda kuripoti

"Mbwa wa jirani amekonda, amefungwa mchana kutwa, hana hata maji. Niende kwa mwenyekiti, au nitakuwa nimejitafutia ugomvi bure?" Swali hili nimeulizwa na watu wengi, na jibu langu halijabadilika. Ripoti, lakini kuripoti kusiwe hatua yako ya kwanza. Na siku utakayoripoti, uwe umeshajua unataka mbwa yule afanyiwe nini. Hilo la mwisho ndilo watu wanaloruka, na anayeumia ni mbwa.

Mimi nakaa Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam. Huku viwanja vingi vina nyumba isiyoisha, mlinzi mmoja na mbwa mmoja au wawili, na mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine au nje ya nchi. Mambo ninayoyaeleza nimeyapitia kwa mbwa wa uzio unaopakana na wangu.

Anza kwa kuhakikisha unachokiona. Mbwa wa kienyeji ana kiuno chembamba kwa asili yake, na mbavu mbili tatu za nyuma kuonekana akinyoosha mwili si njaa. Jike anayenyonyesha hukonda, na mbwa mzee hukonda pia. Njaa ni pale uti wa mgongo na mifupa ya nyonga inapochomoza na minofu ya mapaja imekwisha. Kubweka usiku si mateso, ni kazi yake. Angalia shingo: mnyororo uliovaliwa muda mrefu bila kulegezwa hula manyoya, kisha ngozi, kisha kidonda kinaingia funza. Angalia ncha za masikio, inzi huzing'ata mpaka zinatoka damu. Angalia kama banda linafagiliwa.

Zaidi ya yote, angalia maji. Mbwa wa kilo 25 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, na kwenye joto letu la Desemba hadi Machi anahitaji zaidi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Ukimfungia ndani ya banda la bati lisilo na kivuli, kama wengi wanavyofanya ili "asizoee watu", anaweza kufa kwa joto hata kama jana alikula akashiba. Ukiona mbwa amelala juani hainuki, au kidonda kinatoa funza, usisubiri kuzungumza na yeyote. Hiyo ni ya kwenda ofisi ya mtaa na kumpigia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kama hali haijafika hapo, nenda kwa mlinzi. Nenda kwa adabu, umpe shikamoo yake, ukae naye. Mzee anayemlindia jirani yangu nilipomuuliza mbwa anakula nini, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi mwenyewe mshahara sijaona." Alikuwa anasonga ugali wake kidogo na kumgawia mbwa ukoko. Ukitaka kujua kwa nini mbwa wa ulinzi wanakonda mjini, jibu kubwa liko hapo. Mwenye mali akimsahau mlinzi, mbwa ameshasahauliwa. Sasa fikiria umeripoti moja kwa moja polisi: watakayemkuta pale ni nani? Ni mzee huyu, ndiye mwenye ufunguo wa banda. Tajiri yuko mbali. Utakuwa umemtesa masikini mmoja kwa ajili ya mnyama, na mnyama atabaki na njaa yake.

Wako pia walinzi wasiopenda kumgusa mbwa kwa sababu ya najisi. Huku Pwani jambo hili ni la kweli na liheshimiwe, usibishane naye. Mpe bakuli lenye mpini mrefu, au mshauri aweke maji kwa mpira kutoka nje ya banda. Na wengi wao wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe. Sikuwahi kulazimika kuikumbusha mara mbili.

Baada ya mlinzi, mtafute mwenye mbwa. Mpigie, usimtumie ujumbe mkali. Usimwambie yeye ni katili, mwambie mbwa wake hawezi kulinda, kwa sababu ni kweli. Mbwa mwenye njaa hupokea kipande cha nyama kutoka kwa yeyote, na wezi wanajua kukitia sumu. Mbwa aliyechoka halali macho nusu, hulala kabisa. Wapo wanaoamini njaa na mnyororo humfanya mbwa awe mkali zaidi. Humfanya ang'ate ovyo, pamoja na mtoto aliyefuata mpira, lakini hilo si ulinzi. Jirani yangu alianza kwa kusema, "Kaka, chakula natuma kila mwezi." Nikampigia picha mbwa kupitia geti, bila sura ya mzee kuonekana, nikamtumia. Alinyamaza siku kadhaa. Picha zako zihifadhi zikiwa na tarehe, zitakufaa baadaye.

Akiahidi, mpe muda unaoeleweka, wiki moja au mbili, sio "tutaona". Muda ukipita na bakuli bado kavu, ripoti bila kujilaumu. Umeshamtendea ujirani wake.

Mtu wa kuanza naye ni mjumbe, halafu mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji, na uombe aje na afisa mifugo wa kata. Polisi nawaweka mwisho, isipokuwa unaona mnyama anapigwa au kuchomwa hapo hapo. Usikubali kuambiwa "mbwa ni mali ya mtu, tuachane naye". Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumnyima mnyama chakula, maji au matibabu ni kosa kisheria. Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Nairobi kuna shirika la kutetea wanyama la KSPCA, lililoko Karen, linalopokea taarifa za aina hii.

Sasa maneno utakayoyatumia ofisini. Ukisema "kuna mbwa mkali pale anatusumbua", umeshamhukumu. Njia iliyozoeleka sehemu nyingi za kumaliza kero ya mbwa ni risasi au sumu, na mtaa wa pili kutoka kwetu mbwa alikufa hivyo baada ya mtu mwenye nia njema kabisa kulalamika kuhusu kelele. Sema: mnyama huyu ana mwenyewe, hapewi maji, ana kidonda, naomba atibiwe na mwenyewe aagizwe amtunze. Peleka kwa maandishi, karatasi moja inatosha, na ubaki na nakala. Kama unajua mtu aliye tayari kumchukua mwenyewe akimkataa, sema siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, nakusihi usianze na kundi la WhatsApp la mtaa wala Instagram. Mwenye mbwa akiaibika mbele ya watu, njia rahisi kwake ni mbwa kutoweka usiku, na hutakuwa na wa kumtetea.

Usiruke ukuta, wala usikate mnyororo. Ni jinai, na mbwa mwenye maumivu hung'ata hata mkono unaomsaidia. Uking'atwa, au hata kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Muulize pia afisa mifugo kama mbwa huyo amechanjwa, maana asiyepewa maji mara nyingi hajapewa chanjo.

Kwa upande wetu, mwenyekiti alifanya jambo ambalo ningependa kila mwenyekiti alifanye: alimpigia mwenye nyumba simu ikiwa wazi, akauliza kwanza mshahara wa mlinzi, ndipo akauliza mbwa. Kidonda cha shingo kilioshwa na kutiwa dawa, mnyororo ukabadilishwa na kamba ndefu, banda likahamishiwa chini ya mwembe. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu asijazwe tumbo kwa pupa, inamdhuru. Daktari alimwelekeza mzee ampe uji na dagaa kidogo kidogo, mara nne kwa siku, akiongeza taratibu.

Jirani yangu hanisalimii tangu hapo. Nimeikubali hali hiyo, na bado nampigia mzee hodi kila Jumamosi kuangalia kama chakula kimefika, cha mbwa na chake.