Ukuta wa mawe, lipu ya saruji na umri wa shule

SWALI: Shuleni kwetu Old Moshi kuna madarasa mawili ya mawe. Wazee wanasema ni ya Mjerumani, mwalimu mkuu anasema ni ya Mwingereza. Mwaka jana kamati ilipiga lipu mpya ya saruji, na sasa inabanduka chini ya madirisha. Tunataka kulikarabati jengo na kuweka kibao cha historia. Tuanzie wapi?
Katibu wa kamati, Old Moshi

JIBU: Ndugu Katibu, kibao kisubiri. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Waingereza waliiteka Moshi Machi 1916. Kipindi cha Mjerumani ni kifupi, na mara nyingi kilicho chake ni kiwanja tu. Jengo lilikuja baadaye.

Chukueni tepu mpime uwazi wa milango na madirisha ukutani. Msipime fremu, kwa kuwa fremu hubadilishwa. Vipimo vikitoka kamili kwa mita (1.00, 1.20), fundi alifuata kipimo cha Kijerumani, vikiangukia futi (sentimita 91.5 au 122), ni mkono wa Mwingereza. Tazameni pia pembe: ukuta ulioongezwa baadaye huegemea tu, mawe yake hayaingiliani na ya mwenzake. Vyumba vya tofali za saruji vilivyoungwa pembeni huenda ni vya UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), baada ya Azimio la Musoma la 1974. Saruji ya nchini yenyewe ilianza kutoka kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966 tu.

Kwa karatasi, kama shule ilikuwa ya misheni, anzeni usharikani kabla ya halmashauri, maana shule hizo zilichukuliwa na serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969. Picha nyingi za zamani za wamisionari wa Leipzig zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California.

Sasa lipu. Kwaruzeni kiungio cha mawe kwa msumari. Kikitoka unga mweupe ni chokaa, kikitoka chembechembe za kahawia ni udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa usoni. Saruji huziba njia. Maji hupanda mpaka usawa wa madirisha, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma itoke. Kupiga saruji nene zaidi ni kuukuza ugonjwa.

Bandueni saruji kwa nyundo na patasi, taratibu. Pale jiwe linapotoka nayo, acheni. Nje, chimbeni udongo uliorundikana mpaka uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, na wekeni gata. Masika yakiisha, uacheni ukuta ukauke kabla ya kuanza. Loweka chokaa tangu jana yake, kisha changanya ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga safi uliochekechwa. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 12, funika kwa magunia mabichi siku nne au tano, na usipige tabaka la pili kabla la kwanza halijashika. Likikaushwa na jua la mchana litapasuka, na hilo ndilo kosa la mafundi waliozoea saruji.

Mwisho pakeni chokaa. Ile rangi ya mafuta inayopakwa sehemu ya chini ya kuta za madarasa ili zisichafuke, hapa msiiguse. Huziba kama saruji.