Rais mpya akiingia, mikataba na mataifa makubwa hubadilika?

Swali: Niko Mokowe, Lamu. Kila uchaguzi tunaambiwa rais mpya atawageuzia mgongo Wachina, au wanajeshi wa Marekani walio kambini Manda watafunga virago. Nitajuaje lipi la kweli na lipi la jukwaani?

Jibu: Ndugu yetu, hotuba ziweke kando utafute karatasi: ni ya aina gani, fedha ni za nani, inaisha lini.

Deni ndilo gumu kuliko yote. Katika kampeni za 2022, Kenya Kwanza, muungano wa Rais William Ruto, iliahidi kuanika mikataba ya SGR, reli ya kisasa ya kutoka Mombasa, na Novemba mwaka huo baadhi ya kurasa zikatolewa kweli. Watu wakasoma masharti ya mkopo wa 2014 kutoka Exim Bank ya China, likiwemo la migogoro kuamuliwa Beijing. Malipo yakaendelea vilevile, maana Kifungu cha 214 cha Katiba kinaibebesha hazina kuu ya serikali deni la umma, awe nani Ikulu. Nafuu ilipatikana mezani: mwaka 2025 mikopo ya dola ikageuzwa kuwa ya yuan, sarafu ya China. Gati tatu za kwanza za bandari ya Lamu ni kesi nyingine. Mjenzi ni kampuni ya China, lakini fedha zilitoka Hazina ya Kenya, kwa hiyo usizitie kwenye hesabu ya mikopo ya reli.

Kuhusu Manda, tazama kalenda. Makubaliano ya ulinzi na Marekani yalitiwa saini Nairobi Septemba 2023, kwa miaka mitano. Uchaguzi wetu ni Agosti 2027. Atakayeshinda ndiye atakayekaa mezani wakati wa kuyahuisha, na hapo ana nguvu kuliko siku ya kuapishwa.

Wengi husahau upande wa pili. Julai 2020, chini ya Trump, Kenya na Marekani zilianza kujadili mkataba wa biashara huria. Julai 2022 Biden akaleta badala yake mpango usiogusa ushuru wa forodha. Nairobi rais alikuwa bado Uhuru Kenyatta! Mkubwa akibadilisha kiongozi, mdogo huanza upya hata kama kwake hakuna kilichobadilika.

Picha za kupeana mikono zisikuzuge: Ruto alipokewa Washington Mei 2024, na Beijing Aprili 2025.

Ukisikia mkataba mpya, uliza kama umepita Bunge la Taifa kwa sheria ya mikataba ya 2012. Ambao haujapita, rais mpya anaweza kuuacha kabatini tu.