Mistari ya penseli juu ya mbao: majibu kwa wanaowafundisha kazi vijana wenye usonji

SUALI: Asalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 17 na ana usonji. Skuli ilimshinda, lakini kwa kupanga vitu na kufungua makomeo hana mfano. Ami yake ana karakana ya useremala. Siku ya mwanzo tu, msumeno wa umeme ulipowashwa aliziba masikio akatoka mbio mpaka barabarani. Tumuachishe? – *Mama, Chake Chake*

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Msimuachishe. Alichokikimbia ni kelele, useremala wenyewe hajaujaribu. Msumeno wa duara ukipasua mbao hufika kiasi cha desibeli 100, na hata fundi wa kawaida hatakiwi kukaa kutwa nzima kwenye kelele ya zaidi ya 85. Wengi wenye usonji sauti kama hiyo huwauma kweli. Hadeki.

Muanzishe upya karakana ikiwa kimya. Siku tatu za mwanzo aende kabla mashine hazijawashwa, dakika 20 tu: ashike mbao, anuse maranda, arudi nyumbani. Siku ya nne apewe randa ya mkono. Vifuniko vya masikio avizoee nyumbani kwanza, dakika tano tano, huku akifanya kitu anachokipenda. Kwa joto letu, jasho chini ya vifuniko ndilo linalomfanya avivue na kuvitupa, basi awe na kitambaa cha kujifutia. Asivivae kutwa nzima, maana hatosikia akionywa.

Ami yake naye ana wajibu. Akusanye upasuaji wote katika muda wa saa moja, tuseme saa mbili mpaka saa tatu asubuhi, kijana aingie baadaye. Ikibidi kuwasha mashine nje ya saa hiyo, anyanyue mkono, ahesabu mpaka tatu, ndipo awashe. Kelele ya ghafla humvuruga kuliko kelele aliyoitarajia. Na wekeni mkeka pembeni, mbali na mashine, mumuoneshe mapema kuwa akizidiwa aende hapo. Asipokuwa na pahala pa kukimbilia, atakimbilia barabarani tena.

Ikiwa baada ya mwezi bado anaikwepa karakana, nendeni mkaangalie kazi nyengine kwenye kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji. Tazameni mikono yake inakwenda wapi bila ya kuambiwa. Msimu wa karafuu ni kipimo kizuri pia: kijana anayekaa saa nzima akitenga karafuu na makonyo (vijiti vyake), asikosee, ana jicho ambalo fundi yeyote analihitaji.

SUALI: Nina mwanafunzi mwenye usonji, miaka 20, mwezi wa nne sasa. Mtiifu, hachelewi. Nilimpa mlango wa kabati wa plaiwudi, nikamwambia apige msasa mpaka ulainike. Niliporudi ameshaumaliza utando wa juu, mbao ya chini inaonekana. Na akimaliza kazi husimama tu mpaka nimuone. – *Fundi, Mwanakwerekwe*

JIBU: Fundi, kijana amefanya ulivyomwambia. "Mpaka ulainike" wewe unaujua kwa vidole vya miaka mingi. Yeye hajui ulaini unaishia wapi, na utando wa juu wa plaiwudi mara nyingi haufiki hata milimita moja.

Mpe mwisho anaouona kwa macho. Chukua penseli laini, chora mistari ya kukatisha mlango mzima, kila mmoja upana wa kiganja kutoka mwenziwe. Mpe msasa namba 120 uliozungushiwa kipande cha mbao, apige kwa kufuata nyuzi za mbao. Mistari ikifutika, aache. Afute vumbi, uchore tena, safari hii namba 180, ulio laini zaidi, na mkono mwepesi. Mbao nzima isiyo plaiwudi waweza kuianza na namba 80.

Hapa makosa huwa mawili. La kwanza ni kuikandamiza penseli: mstari ukizama ndani ya mbao haufutiki, na kijana ataendelea kupiga mpaka atoboe, kwa sababu kwake kazi haijesha. La pili ni kingo, ambazo huliwa haraka kuliko katikati. Bandika utepe wa karatasi pembeni mwote, upana wa sentimita moja, umwambie asiuguse. Kingo zipigwe mwisho, mara tano kwenda na mara tano kurudi. Sema "mara tano". "Kidogo" haina kipimo.

Kuhusu kusimama: hajui kinachofuata, na wewe umejizoesha kumwambia kila mara. Weka makasha mawili, la kushoto la vitu vya kufanya, la kulia la vilivyokwisha. Ukutani tundika picha ya kila hatua, moja kwa kila msumari, uzipige kwa simu kwenye karakana yako mwenyewe ukitumia vifaa vyako. Michoro ya kuazima haisaidii sana, kwani nyundo ya mchoro siyo nyundo anayoijua. Zifunike kwa plastiki, vumbi la mbao na jasho huzimaliza kwa wiki. Akimaliza hatua, aigeuze picha. Kasha la kushoto likiwa tupu, anaangalia ukutani. Hapo hakuhitaji wewe tena.

Kazi mpya ifundishe kuanzia mwisho. Kama mlango una hatua nane, fanya wewe saba, yeye afunge kitasa. Akiweza bila ya msaada, muachie mbili za mwisho, kisha tatu. Hivyo kila siku anaondoka ameona kitu kilichokamilika kwa mkono wake, na jambo hilo lina nguvu kuliko sifa zako zote.

Akikwama usirudie maneno. Onesha picha kwa kidole, kaa kimya, hesabu moyoni mpaka kumi. Bado? Onesha kifaa. Bado? Fanya wewe mara moja, akutazame. Sauti ndiyo msaada mgumu kuuondoa, maana mwanafunzi huzoea kuingojea. Mashine ambazo hajafundishwa zipake rangi nyekundu kwenye swichi, na rangi hiyo isitumike kwa jambo jengine lolote.

SUALI: Kijana asiyesema anaweza kujifunza umeme wa majumbani? – *Msomaji, Wete*

JIBU: Anaweza, na kufuata mchoro wa waya huenda akawashinda wanaosema. Tahadhari ni moja. Akifundishwa kuwa kahawia ni waya wa moto, buluu nyutro (wa kurudishia umeme), na kijani yenye njano ardhi, ataifuata kanuni hiyo kikamilifu, na nyumba za zamani zina waya nyekundu na nyeusi, au zimechanganywa. Kwa hiyo hatua ya kwanza isiwe rangi. Iwe kuzima swichi kuu na kupima kwa testa, kila mara, hata kama aliyezima ni yeye.

SUALI: Mdogo wangu, mwenye usonji, ana mwaka sasa anashona foronya kwenye duka moja. Anapewa nauli tu, wanasema bado anajifunza. Ramadhani saa za kazi zilipobadilika alilia siku tatu. Naogopa nikidai wataniambia nimchukue. – *Dada, Mkunazini*

JIBU: Dada, foronya zikiuzwa hiyo ni kazi, na ina ujira. Kabla ya kwenda kuzungumza, andika wiki mbili: ngapi ameshona kila siku, ngapi zimerudishwa na kwa kasoro gani. Ulizia anayelipwa dukani hapo hupata kiasi gani kwa foronya moja. Nenda na hesabu hiyo, usiende na huruma. Omba karatasi moja yenye kazi, saa, ujira, na jina la wa kumuelekeza. Kama bado yuko pole, malipo ya mwezi ni bora kuliko ya kipande, mpaka mkono uchanganye. Ipo Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005, na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika kifungu cha 27 malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wakikataa, nenda Kamisheni ya Kazi, na Baraza la Watu wenye Ulemavu walijue.

Ramadhani ijayo anza wiki mbili kabla. Chora picha mbili za saa kwenye karatasi, ya kuingia na ya kutoka, zikae pembeni ya cherehani. Kwa kuwa mwezi huandama au usiandame, tengeneza kadi mbili, "kesho saumu" na "kesho si saumu", umuoneshe zote mapema ajue kuwa moja tu ndiyo itakayotundikwa. Usiku huo tangazo likishatoka, muachie aitundike mwenyewe.