Usilipe hiyo pakeji ya bustani tatu siku moja Abu Dhabi

Dada usilipe. Kama hiyo advansi hujaituma, weka simu chini kwanza usome hapa.

Umeandika unaenda Dubai kufuata mzigo, umebakiza siku moja ya kujipumzisha, una miaka arobaini na kitu na hujawahi kupanda yale mabembea makubwa, na kuna wakala amekupa bei ya bustani za michezo za Ferrari World, Warner Bros. World na Yas Waterworld, zote tatu siku moja, basi linakutoa mtaa wa Deira asubuhi linakurudisha jioni. Umeuliza mambo mengi pale ila mimi macho yamegota hapo kwenye tatu siku moja, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo niliuziwa mimi na wifi yangu, mpaka maneno ni yale yale, "ziko jirani dada, unatoka hapa unaingia pale".

Ni kweli ziko jirani. Zote ziko kisiwa cha Yas, huko Abu Dhabi, Ferrari World ilianza 2010, ile ya maji 2013, Warner 2018, na 2023 wakaongeza SeaWorld. Na mabasi ya bure ya kuzunguka kisiwani yapo. Sasa ujirani unakusaidia nini kama siku yote umesimama kwenye foleni? Wakala anakuuzia umbali kwa sababu foleni hapangi yeye.

Ngoja nikupigie hesabu ambayo ningepigiwa mimi mapema ningekuwa na hela yangu mpaka leo. Lile rola kosta lao kubwa, Formula Rossa, treni moja inabeba watu 16 tu. Mbio zenyewe ni dakika moja na nusu hivi. Lakini mtu ashuke, mwingine apande, afungwe, akaguliwe, wagawiwe miwani, basi sema treni inatoka kila dakika mbili au tatu. Ukikuta mbele yako watu 320 hizo ni treni 20, yaani karibu saa nzima kwa bembea moja. Ukiwa umewahi asubuhi ukakuta mbele yako watu 48 ni treni tatu, hata chai uliyokunywa hotelini haijashuka. Bembea ni lile lile, tiketi bei ile ile, tofauti ni saa uliyofika.

Sasa sikia tulivyofika sisi. Basi tuliambiwa saa 3 asubuhi mbele ya hoteli. Lilikuja, ila likaanza kuzunguka kuokota watu, Deira hoteli kwa hoteli, likavuka Bur Dubai, mahali pengine tunamsubiri mtu anamalizia kunywa chai, halafu tukiwa tayari tumeshika barabara ya Abu Dhabi dereva anakata kona anatuingiza kwenye duka la tende na manukato, "dakika ishirini tu wapendwa". Dakika ishirini gani, watu wanajaribu marashi mkono mzima! Tende mimi nanunua Deira kila nikienda, nani alikwambia nimepanda basi kufuata tende? Ukijumlisha na huo mwendo wenyewe, maana kutoka Deira mpaka Yas ni zaidi ya kilomita 100, tumeshuka getini saa 6 mchana imeshapita. Na dereva anatangaza mlangoni kabisa, kuondoka saa 11 jioni, atakayechelewa ajitafutie teksi. Yaani bustani tatu ndani ya saa zisizofika tano, na tumeingia muda ule ambao kila mtu wa Abu Dhabi na watoto wake ameshaingia.

Ferrari World tukapanda Formula Rossa, moja, baada ya foleni niliyokwambia. Tukakimbia Warner, mule ndani ni pazuri ajabu, mji mzima wa katuni umejengwa chini ya paa na kiyoyozi, tukapiga picha, tukaona foleni, tukaangalia saa, tukatoka. Ya maji tuliishia getini. Nguo za kuogelea tumezibeba kwenye mkoba tangu Dar, ila imebaki kama nusu saa, hapo utafute kabati la kufungia vitu, ubadilishe, wifi kasuka juzi yake na nywele zilimgharimu, uloe, ukauke, ukimbilie basi. Haiwezekani. Na tiketi ile ilikuwa ya tarehe, siku ikiisha nayo imeisha. Kwa hiyo tumelipa bustani tatu tukapanda bembea moja. Ukitaka kujua maumivu yake, dirham imefungwa kwenye dola, dola moja ni 3.67 miaka yote, kwa hiyo piga kila dirham ya hiyo pakeji kwa shilingi yetu ya leo uone unatoa mzigo gani dukani.

Nikampigia yule kijana wakala aliyetuuzia. Unajua alinijibu nini? "Dada si mngewahi." Tungewahi na nini, na basi ni lake! Mtu wa nyumbani kabisa, tunaongea naye lugha moja, salamu ndefu, shikamoo zimejaa, kumbe kichwani anahesabu kamisheni ya tiketi tatu. Kwa sababu ndiyo hivyo, akikuuzia moja anapata ya moja, akikuuzia tatu anapata ya tatu, uwe umeingia usiwe umeingia yeye ameshakula. Na huyo huyo ndiye aliyetuambia twende Jumapili, eti Waarabu wanakuwa kazini. Serikali ya Emirates ilihamisha wikendi tangu Januari 2022, Ijumaa nusu siku, Jumamosi na Jumapili mapumziko. Mtu anaishi kule, anafanya biashara ya utalii, bado anakupangia kwa kalenda ya zamani! Hilo sijamsamehe. Na naona wako amekwambia Jumapili vilevile, ndiyo maana nimeandika kwa kasi hivi.

Shika hili moja tu: BUSTANI MOJA, SIKU MOJA, NA UWE GETINI KABLA HAWAJAFUNGUA. Jumanne au Jumatano, siyo wikendi. Mengine yote ni mapambo.

Ili uwe getini mapema achana na basi la kuokota watu. Kama mko watatu wanne chukueni gari moja mchangie, muondoke Deira alfajiri. Ukiweza zaidi, lala Yas usiku wa kuamkia siku hiyo, asubuhi unapanda basi lao la bure unashuka getini mbichi kabisa. Tiketi nunua mwenyewe kwenye tovuti yao, humo humo utaona tarehe yako wanafungua saa ngapi na wanafunga saa ngapi, maana saa zinabadilika.

Na kama ni Ferrari, ukiingia usisimame kupiga picha magari, magari yatakuwepo jioni. Nyoosha Formula Rossa kwanza. Reli yake inatoka nje ya lile paa jekundu inazunguka huko kwenye jua, kwa hiyo upepo ukichafuka au wakihitaji kukarabati wanaisimamisha, na aliyesema ataipanda jioni anaweza asiipande. Ukitoka hapo nenda Flying Aces, rola kosta lao jingine, nalo kabla foleni haijakua. Mchana watu wakijaa ndiyo ule, ukae, uangalie magari, upande vile vidogo vidogo. Mapema umeshamaliza vikubwa, huna deni na mtu.

Kuhusu umri, jamani, miaka arobaini ndiyo umri wake! Wewe umefanya kazi, umelea, umesimama dukani mpaka miguu imevimba, nani kasema kufurahi ni kwa watoto? Formula Rossa yenyewe mtoto ambaye hajafika sentimita 140 haruhusiwi. Inakutoa kwenye kusimama mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama tano, na ile miwani wanakuvalisha kwa sababu mchanga na wadudu kwa mwendo ule vinaumiza macho. Shavu linavutwa nyuma linabaki huko. Wifi yangu alitaja ukoo wao wote, walio hai na waliotangulia, tuliposhuka analia na kucheka pamoja akaniambia wifi turudi. Na muda wa kurudi hatukuwa nao, hilo ndilo linaniuma mpaka kesho. Ningekuwa na siku nzima pale ningepanda mpaka wanitambue kwa jina. Ila presha, mgongo, mimba, soma ule ubao mlangoni, usidanganye, wale wameandika kwa sababu.

Ukiamua ya maji badala ya Ferrari, sawa, nenda ya maji siku nzima. Nguo ya stara ya kuogelea inakubalika, ile ya kitambaa cha kuogelea chenyewe, dera acha hotelini. Na usisuke wiki hiyo.

Sasa hivi, kama bado unataka kupitia kwa wakala, mwandikie: nataka tiketi ya bustani moja, Jumatano, bila basi. Akikubali, muombe tiketi yenyewe yenye jina lako na tarehe kabla hujatuma hata shilingi. Akianza "lakini dada hiyo ya tatu ndiyo ina punguzo", umeshamjua. Halafu rudi hapa utuandikie kakujibu nini, nitakuwepo.