Kabla ya Kumkabidhi Mtu Funguo za Vyumba vya Wageni

Msimu wa korosho unapofunguliwa, wanunuzi na madereva wa malori huingia Mtwara kwa wingi, nasi wenye nyumba za wageni hujikuta tukitafuta wahudumu kwa haraka. Katika haraka ya namna hiyo, miaka kadhaa iliyopita, nilimwajiri mpokezi katika nyumba yangu ya Shangani kwa kuridhishwa na barua za wadhamini wawili. Nilipiga namba zilizokuwamo, mtu wangu akasifiwa sana. Wiki ya tano aliondoka alfajiri na makusanyo ya siku tatu, ndipo nikabaini kwamba wadhamini wote wawili walikuwa rafiki zake, na hakuna kati yao aliyewahi kumwajiri.

Tangu hapo sianzi na namba aliyoniandikia mwombaji. Ninaitafuta mwenyewe simu ya hoteli au loji aliyotoka, iwe Lindi, Masasi au Dar es Salaam, kisha naomba kuzungumza na aliyekuwa msimamizi wake. Siulizi kama ni mtu mzuri, kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa adabu tu. Nauliza alianza lini na kuondoka lini, alishika fedha au funguo, mgeni akisahau kitu chumbani yeye alikipeleka wapi, na kama nafasi ikipatikana wangemrudisha. Msimamizi akisita, simhukumu mwombaji. Ninamwita anieleze kwa maneno yake alivyoacha kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, hivyo nakiomba, ingawa gesti nyingi ndogo hazikitoi na kukikosa si kosa la mwombaji. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo nazilinganisha na vyeti vingine. Cheti cha VETA, yaani cha mafunzo ya ufundi stadi, nakithibitisha chuoni kwenyewe. Kwa mpokezi na mlinzi wa usiku naomba pia hati ya tabia njema ya Jeshi la Polisi, na kwa mpishi cheti cha afya. Hali ya VVU siulizi kamwe, kwani sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi wa aina hiyo, hata kwa mtu anayeomba kazi tu.

Jambo linaloniumiza ni namna tunavyozitunza taarifa hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini bado nimeona picha ya kitambulisho cha binti mmoja ikizungushwa kwenye kundi la WhatsApp la wenye loji, ikiambatana na neno "mwizi". Alipokuja kwangu, nilipata kibali chake cha maandishi, kisha nikampigia msimamizi wake wa zamani, ambaye alikiri kwamba fedha zilizodaiwa kupotea zilikutwa baadaye kwenye droo ya zamu nyingine. Hakuna aliyerudi kwenye kundi lile kusema hivyo. Binti huyo anafanya kazi kwangu mapokezi, na nakala za vyeti vyake zimo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ninao mimi peke yangu.