Kuona kimondo kikubwa usiku: je, ni ishara ya kifo?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Baada ya Isha nilikuwa juu ya paa la nyumba yetu hapa Eastleigh nikianua nguo, mara mwanga wa kijani ukapita angani, mkali hata kamba za nguo zikatupa vivuli, kisha ukamegeka vipande na kuzimika. Nyanya amesema ni habari ya kifo cha mtu mkubwa, na baba ni mgonjwa. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Mwenyezi Mungu amponye mzee wetu.

Dada yangu, jambo hili Mtume (s.a.w.) alilijibu mwenyewe. Katika hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume alikuwa ameketi na masahaba zake usiku, nyota ikavurumishwa ikang'aa, naye akawauliza walikuwa wakisemaje zama za ujahilia walipoona kama hayo. Wakajibu kwamba walikuwa wakisema usiku huo amezaliwa au amekufa mtu mkubwa. Akawaambia kuwa haitupwi kwa ajili ya kufa kwa yeyote wala uhai wake. Maneno ya nyanya ni yale yale ya Waarabu wa kale, lakini usimkemee, kwani naye aliyapokea kwa wakubwa wake. Msomee hadithi hii kwa upole.

Suratul Mulk, aya ya 5, inataja taa za mbingu ya karibu zilizofanywa kuwa vya kuwapigia mashetani. Wataalamu wa anga nao husema kimondo ni jiwe linaloingia hewani kwa kasi inayozidi kilomita 11 kwa sekunde, likawaka kwa joto la hewa inayosongwa mbele yake. Mimi sioni mgongano hapo: wao wanaeleza namna jiwe linavyowaka, na aya inatupa habari ya ghaibu, ambayo darubini haikuundwa kuipima. Mengine hufika chini, kama yaliyoanguka karibu na Thika tarehe 16 Julai 2011 (na anayeliokota asiligeuze hirizi).

Huna haja ya kafara. Sema Subhanallah, inatosha. Wala msiende kwa mtabiri kuuliza maana yake, kwani Imam Muslim amepokea pia kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Ama baba, msomee Fatiha, na siku yake ya kliniki isipite.