Kabla Hujakata Rababendi

Jana, hapa kwenye hifadhi yetu ya nyaraka na sauti, nimemkuta kijana wetu mpya ameshafungua sanduku la kwanza la nyaraka za mhakiki mmoja wa muziki wa piano. Kaseti huku, programu za tamasha (vile vijitabu vya ratiba) kule, barua pembeni, safi kabisa. Moyo ulinilipuka. Wadogo zangu, nimewaambia kwa mdomo, sasa naandika.

1. Kaseti ikifika mezani, vunja kwanza vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni. Kidole kikikosea kitufe, isirekodi juu ya sauti ya mtu.

2. Vilivyokuja pamoja vibaki pamoja. Najua mmesoma habari ya kuheshimu mpangilio wa mwenyewe. Mimi pia niliisoma, na mtihani nikafaulu.

Miaka tisa iliyopita, kwenye maktaba ya chuo kimoja Marekani, nilikabidhiwa masanduku 14 ya mhakiki mwingine, aliyeandikia gazeti maisha yake yote. Ndani yake mlikuwa na kaseti 43 za mahojiano, kila moja imefungwa kwa rababendi pamoja na programu ya tamasha na karatasi za daftari. Rababendi zilishakauka, nyingine zimegandia karatasi. Nikaona uchafu. Siku mbili nakata tu. Programu nikazipanga kwa tarehe, daftari kwenye folda, kaseti nikazipa namba kadiri mkono ulivyozifikia, maana hazikuwa na lebo. Msimamizi alinisifu.

Wiki ya sita nikaanza kusikiliza. Mpiga piano mzee, mwenye kikohozi, anazungumzia Ballade ya nne, kipande cha piano cha Chopin. Ghafla anasema, “Hapa ulipoandika, umenionea,” na unausikia ukucha wake ukigonga karatasi, mara tatu. Karatasi ipi? Lebo ya kaseti ilikuwa ile programu yenyewe! Jina, ukumbi, tarehe, alama za penseli, vyote nilivitia sanduku la 9 kwa mikono yangu. Nilikwenda kulia chooni.

Miezi saba nilioanisha kwa mikunjo ya rababendi na kwa umbo la kaseti lililobaki jeupe pale karatasi ilipogeuka njano pembeni. Nikapata 32. Zile 11 mpaka leo hazina wenyewe, na mhakiki ameshafariki. Namba 27 ni mama anayesimulia alivyofundishwa muziki wa Schumann na mama yake jikoni, sauti nzuri sana. Simjui ni nani.

Kwa hiyo: piga picha bunda kabla hujaligusa, lipe namba moja lote, ndipo kaseti iende kwenye rafu yake na karatasi kwenye folda yake, zote na namba ileile.

3. Kanda za rili, zile za magurudumu yasiyo na kasha, za miaka ya 1970 zikipiga kelele ya kukwaruza mashineni, zima hapo hapo. Gundi yake imenyonya unyevu. Huokwa kwa joto dogo, nyuzi 50 na kitu za Selsiasi, na fundi anayeijua kazi hiyo. Ikinuka siki, hiyo ni kanda ya asetati, plastiki ya zamani, haiokwi kamwe.

4. Nakala kuu ya kidijitali ni WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya biti 24. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, wanataka angalau 48 kHz, yaani sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde; sisi tunachukua 96. MP3 ni ya kusikilizia tu. Na msisafishe sauti kwenye nakala kuu: kikohozi kibaki, ukucha ubaki.

Kijana wetu tulikaa naye mpaka saa mbili usiku. Mabunda sita kati ya manane yamerudi kama yalivyokuja. Leo asubuhi nimemkuta ameshafika kabla yangu, ameinamia programu mbili na kioo cha kukuzia, anatafuta mikunjo.